Viatu Mlangoni kwa Daktari Soksi

Mjomba wangu ni daktari wa mtaa, na mtaa mzima unamwita Daktari Tosha. Hakujipa jina hilo. Alipewa na wagonjwa wake, kwa sababu mgonjwa akianza kueleza, "Daktari, juzi nilipoamka nilisikia kama...", mjomba huinua kiganja na kusema, "Tosha. Nimeelewa." Kisha anaandika dawa.

Na mara nyingi, tuseme haki, alikuwa ameelewa kweli. Ameutibu mtaa ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Anajua nani anabanwa kifua majira ya baridi, nani anadanganya kuhusu sigara, na nani anakuja kutibiwa kwa sababu tu nyumbani hana wa kuzungumza naye. Watu walimsifu, naye akazinywa sifa zile mpaka zikamlewesha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waliosema hivyo hawakuwa na mjomba wangu akilini, lakini wangemwona wangemtambua.

Zahanati yake ina vyumba viwili vya daktari, milango ikitazamana kwenye ukumbi mwembamba wenye mabenchi ya mbao, mizani ya kupimia uzito na meza ya nesi. Chumba kimoja ni chake. Cha pili kilikuwa stoo ya maboksi mpaka alipokuja daktari mmoja wa kike, mdogo wa umri, kufanya mazoezi ya kazi chini yake. Mjomba alimfundisha mengi: namna ya kusikiliza mapafu ya mtoto anayelia, namna ya kumpa mtu habari mbaya bila kutazama saa. Mazoezi yalipokwisha, binti akabaki, maboksi yakatolewa.

"Huyu ni kazi ya mikono yangu," mjomba alikuwa akiwaambia watu, kama mtu anayeonyesha mche alioupanda mwenyewe. Tatizo la mche ni kwamba hukua.

Madaktari wa familia wanatakiwa kuhudhuria mafunzo ya kuendeleza taaluma yao, la sivyo leseni haihuishwi. Mwaka jana somo lilikuwa kisukari na magonjwa ya moyo. Wakaenda wote wawili. Mjomba alifanya alichozoea kukifanya katika mafunzo yote: alisaini mahudhurio, akaketi karibu na mlango, akamsikiliza mtoa mada wa kwanza huku amekunja mikono, akanywa chai, akaondoka. Binti aliketi mstari wa mbele mpaka taa zikazimwa.

Nina hasira na desturi hiyo na siifichi. Mtu anasaini kwamba amejifunza, kumbe alichokijua siku hiyo ni ladha ya chai. Fundi bomba akifanya hivyo, jiko litavuja. Daktari akifanya hivyo, anayevuja ni mtu.

"Sukari na moyo!" mjomba alisema jioni ile, ameketi mezani kwetu. "Mimi nimetibu sukari kabla hao wanaonifundisha hawajaota meno."

"Basi wewe ndiye uliyewaotesha," mama akamjibu.

Mama yangu ni dada yake mkubwa. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea, akafulia watu nguo ili mdogo wake asome. Ana kisukari kwa miaka mingi, na daktari wake alikuwa mmoja tu, huyo huyo mdogo wake. Alimtibu pale pale mezani, kati ya tonge na tonge. "Dawa unameza? Unameza. Maji unakunywa? Vizuri. Tosha." Alikuwa anauliza na kujibu mwenyewe, mama akibaki na mdomo nusu wazi na kijiko mkononi.

Kesho yake binti alimletea mjomba mkoba wake wa mafunzo aliousahau ukumbini. Ndani mlikuwa na kalamu, kijitabu, na kijiti cha plastiki chenye uzi mfupi mgumu wa nailoni uliochomoza kama sharubu moja ya paka. Mjomba alikizungusha kijiti kile mara kadhaa, hakuelewa ni cha nini, na kwa kuwa hakuelewa aliamua hakina maana. Akamletea mama. "Zawadi za semina hizo," akasema. Mama hatupi kitu. Akakipa kazi ya kuzibulia matundu ya kikopo cha chumvi.

Kilichofuata nilikipata kwa nesi wa zahanati, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye kila jioni huleta habari za kazini kama wengine wanavyoleta mboga.

Binti alibadilisha utaratibu. Kila mgonjwa wa sukari aliyeingia chumbani kwake alivua viatu na soksi kabla hajaketi. Wengine waliona aibu. Fundi cherehani mmoja alikuja na soksi yenye tundu la kutosha kupitisha kichwa, akaanza kujitetea. "Mzee wangu," binti akamwambia, "mimi sitazami soksi, natazama kilichomo." Alizitazama nyayo, akaingiza vidole vyake kati ya vidole vyao, akawagusa kwa uzi wa kijiti chake, ndugu wa kile cha chumvi. Fundi cherehani akatoka nje akicheka: tangu afunge ndoa hakuna aliyewahi kushughulikia miguu yake kiasi kile. Wiki hiyo hiyo akamleta kaka yake. Mtaa ukampa binti jina: Daktari Soksi.

Viatu vikaanza kujipanga nje ya mlango wake. Kandambili, viatu vya kamba, raba za zamani, viatu vya kina mama vyenye visigino vilivyolika upande mmoja. Asubuhi vilikuwa jozi chache. Kabla ya adhuhuri safu ilikuwa imefika kwenye mizani.

Na kutoka kwenye kiti chake, mlango ukiwa wazi, mjomba aliiona safu yote.

Mwanzoni alisema vinaziba njia. Nesi akaviondoa, wagonjwa wakaanza kuvishika mikononi, na hapo vikaonekana zaidi. Akasogeza benchi moja karibu na mlango wake; watu wakaketi juu yake wakingoja zamu ya upande wa pili. Akaweka pazia jipya. Akanunua redio ndogo ya kuburudisha wagonjwa, nao wakaisikiliza vizuri sana kutoka kwenye foleni ya Daktari Soksi.

"Bado mbichi huyo," alimwambia mgonjwa mmoja aliyebaki naye. "Mtu akishaanza kucheza na vidole vya miguu, ujue kichwani pamemwishia."

Nesi hakuvumilia. Siku moja alimkuta amesimama ukumbini, mikono nyuma, anazikagua kandambili kama ofisa anayekagua gwaride.

"Daktari," akamuuliza, "unazionea wivu kandambili?"

"Wivu wa nini? Nahesabu tu wasije wakaibiana."

"Haya. Hesabu basi. Maana zako hazihitaji kuhesabiwa."

Mjomba alirudi chumbani akafunga mlango, nesi akajuta ulimi wake. Wivu ulikuwa unamla kama mchwa anavyokula mbao, kwa nje rangi bado ipo. Alianza kuja kwetu kila jioni na kusimulia makosa ya Daktari Soksi. Anachelewa na kila mgonjwa. Anaandika mno. Anacheka na watu. Mama alimsikiliza akikoroga mchuzi wake bila kutia neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mjomba alitoka chumbani kwake kwenda kunawa mikono, akapita kando ya safu ya viatu, akasimama. Katikati ya safu palikuwa na sandali za kahawia, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Uzi ule aliujua. Alikuwa ameushona yeye mwenyewe, nyumbani kwetu, kwa sindano ya hospitali, akijigamba kwamba hata viatu anatibu.

Dada yake alikuwa ndani. Kwa Daktari Soksi.

Nesi anasema hakunawa mikono. Aligeuka, akaingia chumbani kwake, akaketi akiutazama mlango wa pili mpaka ukafunguliwa. Mama alitoka, akainama taratibu kuvaa sandali, akamwona. Akampungia mkono kama unavyompungia mtu wa ng'ambo ya barabara, akaenda zake.

Jioni ile mjomba hakubisha hodi.

"Dada, umefuata nini kwa yule mtoto?"

"Karibu kwanza. Watu husalimiana."

"Nimeuliza."

"Nimefuata wanachofuata wenzangu. Nimevuliwa viatu." Mama alivuta kikopo cha chumvi, akakichomoa kile kijiti, akakiweka mezani mbele yake. "Na nimemchekesha sana. Alipotoa chake nikamwambia, mbona na mimi ninacho nyumbani, nazibulia chumvi? Akaniuliza nimekipata wapi. Nikamwambia amenipa mdogo wangu, daktari."

Mjomba alikitazama kijiti. Uzi ulikuwa umepinda na kuganda chumvi. Nilimwona masikio yakimwiva.

"Amekuambia nini?" aliuliza. "Amekukuta na nini?"

"Muulize daktari wangu."

Maneno hayo mawili, daktari wangu, yalimwingia kuliko lawama yoyote. Aliondoka bila kuaga.

Kesho yake alimfuata Daktari Soksi kabla wagonjwa hawajafika. Binti alisimama, kama alivyozoea kusimama mbele yake.

"Karibu, mwalimu."

"Dada yangu ana nini?"

"Mwalimu, yule ni mgonjwa wangu. Akiniruhusu nitakueleza yote."

"Ni dada yangu! Amenilea!"

"Najua. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba siri ya mgonjwa haifunguliwi hata kwa aliyemzaa." Akafungua kalenda ya mezani. "Mwezi huu kuna mafunzo mengine ya somo lile lile. Wameniomba nifundishe sehemu moja. Njoo. Lakini baada ya chai ndipo kunapokuwa na kitu."

Baada ya chai. Kumbe alijua. Mjomba alitoka pale akiwa na nia moja tu, na haikuwa njema: angekwenda, na angemwaibisha mbele ya watu.

Haya ya ukumbini alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kujipunguzia. Aliketi mlangoni kama kawaida. Binti akapanda jukwaani, karatasi zikimponyoka, jambo lililompa mjomba furaha ambayo anasema hataki kuikumbuka. Akaanza kueleza.

"Kisukari kinakula mishipa ya fahamu kimyakimya," alisema. "Kikila ya miguu, mtu anakanyaga msumari na hasikii. Kikila ya moyo, moyo unaumia na kifua hakisemi kitu. Hakuna maumivu. Mtu anachoka tu. Anahema akipanda ngazi. Na sisi tunamwambia ni uzee."

Mjomba alikuwa ameshainua mkono kuuliza swali lake la mtego. Mkono ukabaki hewani. Ni uzee. Maneno hayo aliyasema yeye, mezani kwetu, mama alipomwambia kwamba ngazi za sokoni zimekuwa ndefu siku hizi. "Uzee huo, dada. Tosha."

"Ndiyo, mwalimu?" binti alimwona.

Ukumbi mzima ukageuka. Mkono alikwisha uinua, na swali alikuwa nalo tayari, basi akaliuliza: mgonjwa mwenye sukari, moyo dhaifu, na figo zilizochoka, vyote kwa pamoja, ambaye dawa ya kwanza inamkataa na ya pili inamvimbisha miguu, afanywe nini? Lilikuwa swali la kumzamisha mtu.

Daktari Soksi alifikiri. "Dawa inayomvimbisha miguu ningeisimamisha, kwa sababu ya moyo. Baada ya hapo, sijui," akasema. "Kwa mgonjwa wa namna hiyo sijui, na sitaki kubahatisha. Nitamuuliza bingwa, nitakuletea jibu."

Mjomba alingoja vicheko. Havikuja. Watu waliinamia madaftari wakaandika. Daktari mmoja mnene aliyeketi pembeni yake akamnong'oneza, "Huyu msichana ningempelekea mama yangu."

Hapo, anasema, ndipo wivu ulipomfika kooni. Hakumwonea tena wivu wa viatu. Alimwonea wivu wa neno lile moja. Miaka yote ya kazi, hakuwahi kumwambia mgonjwa "sijui", na binti huyu alilitamka mbele ya umati na umati ukampenda zaidi.

Chai ikaja. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na mkoba alikwisha ushika. Akauweka chini.

Baada ya chai waliketi wawili wawili, kila mmoja na kijiti chake kipya. Mjomba alipangiwa yule daktari mnene, ambaye alivua soksi kwa shida akiomba radhi kwa harufu. "Sasa nakugusa kidole gumba," mjomba alimwambia. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Sasa kisigino. Unasikia?"

"Mwalimu." Daktari Soksi alikuwa amesimama nyuma yake, akaongea kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Ukimwambia ni lini na ni wapi, umeshamjibia. Afumbe macho. Wewe gusa mpaka uzi upinde, unyamaze, mwache yeye aseme."

Unyamaze. Mwache yeye aseme. Mjomba anasema alitaka kumrushia kijiti. Badala yake alifumba mdomo, akagusa, akangoja.

Jioni alikuja kwetu, na safari hii alibisha hodi. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mjomba alivuta kigoda, akaketi chini yake na suti yake mwilini.

"Dada, nipe miguu yako."

"Umechelewa. Imeshatazamwa na wenye kujua."

"Najua. Nipe."

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akasogeza miguu. Mjomba alizifungua sandali, akazigeuza, akatikisa changarawe ndogo kutoka ndani ya moja. Akaipakata miguu ile juu ya magoti yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuziona nyayo za mtu aliyembeba mgongoni. Kwenye unyayo wa kushoto palikuwa na kidonda kidogo kilichofungwa bandeji safi. Haikuwa bandeji yake.

"Fumba macho, dada. Nikikugusa useme."

Mama akafumba. Dirishani zilisikika kelele za watoto wakigombania mpira. Mjomba aliuweka uzi kwenye kidole gumba, ukapinda. Akangoja. Akauweka kwenye kidole cha tatu. Akauweka chini ya vidole, kwenye nyama ngumu, akangoja tena. Mama alikuwa ametulia, tabasamu la utani mdomoni, macho yamefumbwa barabara.

"Haya, anza basi," akasema. "Unangoja nini?"

Mjomba aliukagua uzi kama umekatika. Kinywa chake kilifunguka kama kitasema lile neno lake, kikafungwa. Akaendelea kugusa, taratibu, mpaka alipofika juu ya kifundo cha mguu.

"Hapo!" mama akasema kwa furaha. "Hapo nimesikia. Mara ya kwanza hiyo, eeh?"

"Ndiyo, dada," mjomba alisema. Akaiteremsha miguu polepole. "Na kuhema je? Bado unahema ukipanda ngazi?"

"Hata nikitandika kitanda. Daktari wangu amenipeleka kupimwa umeme wa moyo. Majibu ni kesho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mdogo wangu." Mama hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nilikuambia hapa hapa. Ulisema tosha."

Asubuhi walikwenda pamoja. Nilikuwepo, nimeshika mkoba wa mama. Wagonjwa kwenye mabenchi waligeuza shingo walipomwona Daktari Tosha akipita mlango wake mwenyewe bila kuufungua. Mbele ya mlango wa pili aliinama akamvua mama sandali, akazipanga kwenye safu. Nesi alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani ni mara yake ya kwanza kumeza mzaha.

Daktari Soksi alitaka kumpa mjomba kiti chake. Mjomba akakataa, akaketi kwenye kile cha ndugu wa mgonjwa.

"Mama, tuongee mbele ya mwalimu?"

"Aongee nani, yeye?" mama akasema. "Asikie tu. Nimemruhusu kusikia."

Majibu yalionyesha kwamba sehemu ndogo ya moyo iliwahi kuumia, kitambo, bila mama kujua. Kuna dawa za kuulinda uliobaki, kuna vipimo vingine vya kufanya, kuna viatu vya kubadilisha. Si hukumu, alisema Daktari Soksi, ila tusichelewe tena. Aliongea kwa utulivu, akimtazama mama usoni, na mjomba akamtazama yeye. Wivu ulikuwa bado upo, nisidanganye. Ulikuwa wazi usoni mwake kama njaa ya mtu anayepita jikoni kwa jirani. Ila sasa alikuwa amevuta kiti.

"Mama," Daktari Soksi aliuliza, kalamu tayari, "huku kuchoka, kulianza lini hasa?"

"Ilikuwa kama miezi..." mjomba alianza.

Mama aliinua kiganja.

"Tosha," akasema. "Nimeulizwa mimi."

Kisha akajiweka sawa kitini, miguu mitupu ikining'inia, akaanza kueleza kuanzia mwanzo. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho.